Tamthilia za mitumba: uzoefu wangu Tabora

Ukimwendea muuza vitabu vya shule vilivyotumika hapa Tabora mjini ukamwambia unataka tamthilia, kwanza atakupa mwongozo. Ukikataa, ukasema unataka kitabu chenyewe, atakuuliza mtoto yuko kidato cha ngapi. Mimi nanunua vya kwangu. Napenda michezo ya kuigiza, basi, na nikishamwambia hivyo naona kabisa hamu ya kunihudumia inampungua.

Nasema mapema ninavyovitumia, maana tathmini yangu inategemea hilo. Sivisomi kimoyomoyo. Tunavisoma kwa sauti barazani, Isevya, jua likishapoa: mama mdogo, shemeji, vijana wa nyumba ya pili, na mpita njia yeyote atakayekubali kupewa mhusika. Kwa matumizi hayo kitabu chembamba ni faida, kinapita mkono kwa mkono bila kuchosha. Hasara ni maandishi madogo. Umeme ukikatika, tochi ya simu inamfaa msomaji mmoja tu, wengine wanasubiri zamu yao gizani na kuanza kubuni maneno. Mama mdogo anabuni vizuri kuliko baadhi ya waandishi, lakini hilo ni jambo jingine.

Ngoswe ya Edwin Semzaba ndiyo iliyotulipa zaidi. Karani wa sensa anaingia kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, kazi inalala, na mwisho mzee mwenye hasira zake anazitia moto karatasi za serikali. Shuleni tuliambiwa hii ni habari ya uzembe, na nakala yangu ina penseli ya mwanafunzi fulani aliyeandika "uzembe" kila baada ya kurasa chache kama karani mwingine. Kwa sauti inakuwa kichekesho kitupu. Mzee anayeulizwa idadi ya watu wa nyumbani kwake anakasirika kwa namna ambayo kila mmoja barazani ana mjomba wake wa hivyo. Agosti 2022, sensa ya kweli ilipofika mtaani, karani wetu alikuja na kishikwambi. Mama mdogo alimpa kiti na karanga, akajibu maswali yote kwa adabu, kisha alipoaga akaniambia, "Huyu salama, mwanangu. Hana cha kuchomwa." Tangu hapo kijana yeyote anayekuja mtaani na fomu, awe wa maji au wa mikopo, kwetu anaitwa Ngoswe.

Nguzo Mama ya Penina Muhando nayo inahitaji watu wenye midomo. Wanawake wa kijiji cha Patata wanataka kuisimamisha nguzo, kila mmoja anakuja na lake, na nguzo haisimami. Tuliisoma wiki ambayo kikoba cha mtaani kilikuwa kinavunja mzunguko, na nadhani sihitaji kueleza zaidi. Kulikuwa na wanachama barazani. Kuna waliocheka sana, na kuna aliyeondoka akisema ana mboga jikoni. Ukiinunua, mpe Bi Msimulizi mtu asiyeona haya kuwatazama wasikilizaji usoni. Akisoma kichwa chini, mchezo wote unazama.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, naiheshimu kuliko zote hizi, ila kwa baraza siipi alama za juu. Inataka uwanja, inataka umati na miili inayohema. Tulichofaidi ni mwanzo wake, wanawake wakizungumzia njaa wakati wanaume wako kwenye mashamba ya Mjerumani. Pale hakuhitajiki ngoma wala mavazi. Ni mazungumzo ya wanawake wanaopima unga uliobaki, na mama mdogo aliyasoma bila kubadilisha sauti yake ya kila siku. Tulipofika kwenye vita tulishindwa, watu watano hawafanyi jeshi.

Kwenye Ukingo wa Thim tuliiacha katikati. Si kosa la kitabu. Mgogoro wa nani azike maiti na azike wapi, mjane au ukoo, unaokumbusha kesi ya maziko ya wakili S.M. Otieno kule Kenya mwaka 1987, ulimgusa shemeji mahali ambapo bado hapajapona, na sisi tukafunga kitabu tukazungumza habari za mvua.

Kwa upande wa tafsiri, Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare uliotafsiriwa na Mwalimu Nyerere, ina wapenzi wake hapa, na si ajabu: alisoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's hapahapa mjini. Tuna mwalimu mstaafu ambaye hamruhusu mtu mwingine kusoma hotuba za mazishi ya Kaizari, ya Bruto na ya Antoni. Anazisoma zote mbili mwenyewe, ya kwanza kwa upole, ya pili huku akiinuka polepole kwenye kiti, na sisi wengine tunakuwa umati wa Roma unaogeuka maneno kabla mate hayajakauka. Vijana walisema ni kampeni tupu. Kiswahili chake kinataka pumzi ndefu, kwa hiyo usimpe mtoto aliyetoka kucheza mpira.

Sasa ununuzi wenyewe. Bei inapungua mitihani ikishapita, nenda wakati huo. Kabla ya kulipa fungua ukurasa wa mwisho: pini zikishashika kutu, jani la mwisho ndilo linaloanguka kwanza, na muuzaji hatakwambia. Ukiweza, chukua nakala mbili au tatu za kitabu kimoja badala ya vitabu vitatu tofauti, usomaji unakwenda haraka zaidi.

Na kama unatafuta Orodha ya Steve Reynolds, ile ya barua ya marehemu inayowanyima usingizi wanaume wa kijiji wakidhani majina yao yamo, hiyo lipa bei ya kitabu kipya. Mwanafunzi aliyekuwa na nakala yangu aliandika yote yaliyomo kwenye barua pale juu ya majina ya wahusika, kwa wino mwekundu, akapigia mistari miwili.