Angalizo la TMA: usiishie kwenye rangi

Utabiri wa siku tano wa hali mbaya ya hewa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ni wa bure, na kwa taarifa iliyomo naupa nyota nne kati ya tano. Ya tano inapotelea kwenye usomaji, na lawama si zote za msomaji.

Kwenye ramani yake, njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mtaani zote ni "TMA wametoa tahadhari", basi. Lakini rangi haipimi wingi wa mvua. Inatokana na mistari miwili iliyo chini yake: uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Njano inaweza kuwa usumbufu mdogo ambao karibu ni hakika utatokea, au jambo zito lenye uwezekano mdogo. Aliyejenga bondeni akiona njano tu, hajajua ni ipi kati ya hizo. Mtangazaji naye mara nyingi husoma orodha ya mikoa na kuiruka mistari hiyo.

"Mvua kubwa" hapa ni zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Namba hiyo haimshtui mtu mpaka aipandishe juu ya bati lake: paa la mita 10 kwa 10 linapokea lita 5,000, simtenki tano za lita elfu zikimwagwa uani kwa siku moja. Kama mfereji umejaa mchanga na chupa za plastiki, maji yanaingia sebuleni bila mto wowote kufurika.

Udhaifu mkubwa ni ukubwa wa eneo. Taarifa husema "baadhi ya maeneo ya mkoa wa Morogoro", na mkoa huo unaanzia Gairo hadi Malinyi. Wa Gairo akishinda juani anasema wamedanganya. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita karibu na Mafia, Dar wapo waliouliza kimbunga kiko wapi, huku barabara ya Lindi imekatika Somanga. Na anga ya kichwani kwako si kipimo: Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo Jangwani, bondeni mwake, inaweza kujaa Kariakoo pakiwa pakavu.

Baharini mambo ni magumu zaidi. Upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa kawaida ni njano. Kwa boti kubwa ya Zanzibar hiyo ni safari ya kutapika. Kwa ngalawa ni kupinduka. Mvuvi mdogo aichukulie njano kama nyekundu.

Kuitumia: kwanza tazama tarehe ya kutolewa. Ramani hubadilishwa kila siku, na picha ya Jumatatu bado inazunguka WhatsApp Alhamisi. Njano, zibua mfereji na uweke vyeti kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Chungwa, hamisha unga, godoro na watoto kabla ya giza. Maji yakikaribia soketi, zima meini swichi, ila usiiguse ukiwa umesimama majini. Njiani, maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 yanaweza kulielesha gari dogo. Bodaboda akikwambia "tunapita", shuka.