Alien ya 1979: tagi, giza, na jinsi ya kuitazama ukiwa Tanga

Nostromo, chombo cha angani kinachobeba filamu hii, si manowari wala chombo cha watafiti. Ni tagi. Maandishi ya mwanzo yanasomeka kama hati ya bandarini: chombo cha biashara cha kukokota, watu 7, mzigo ni kiwanda cha kusafishia madini pamoja na tani 20,000,000 za mawe yake, safari ni ya kurudi Duniani. Mtu wa Tanga anayekumbuka matishari yakikokotwa kwenda kwenye meli iliyotia nanga mbali na gati anawafahamu watu hawa kabla hawajafungua kinywa.

Na ni kazi inayowaponza. Parker na Brett, mafundi wa injini, wananung'unika kwamba mgao wao ni mdogo kuliko wa wenzao wa juu. Chombo kinaponasa mlio kutoka mahali pasipo na mtu, wao wanataka kwenda zao nyumbani. Wanasomewa mkataba: mlio wowote unaoweza kuwa wa viumbe wenye akili lazima ukaguliwe, na anayekataa anapoteza malipo yote. Hofu inaanzia hapo, kwenye karatasi waliyotia sahihi wenyewe. Wanaoiita filamu ya jini la angani hawajaitendea haki. Jini lipo, tena la kutisha kwelikweli, ila aliyewapeleka kwake ni mwajiri.

Mwongozaji Ridley Scott hana haraka. Karibu saa nzima inapita kabla mtu wa kwanza hajafa, na katika muda huo unajifunza njia za chombo: dari ya chini, mabomba, ngazi, mvuke. Kisha Brett anatumwa peke yake kumtafuta paka. Anaingia kwenye chumba kirefu chenye minyororo inayoning'inia na maji yanayodondoka kutoka juu. Anasimama, anainua uso, anayaacha maji yampige kwenye kofia na mashavuni. Hakuna muziki wa kukuonya. Minyororo inagongana, tii, tii, na wewe tayari unajua. Hata ukiirudia mara ya kumi, sehemu hiyo haichuji.

Ndani ya vazi la yule kiumbe yumo Bolaji Badejo, Mnigeria aliyekuwa akisoma London, mwenye urefu wa karibu sentimita 208. Miguu na mikono yake mirefu ndiyo inayokufanya ushuku kama kweli kuna binadamu mle ndani. Kamera inamwonyesha vipande vipande: taya, mkono, mkia. Mwishoni, anapoonekana mzima, vazi linajulikana kuwa ni vazi. Hiyo ni kasoro, na kompyuta zao zenye herufi za kijani zimezeeka pia. Kasoro zenyewe ni hizo tu.

Asiyeijua kabisa hadithi aruke aya hii. Kiumbe cha kwanza, kile kinachomng'ang'ania Kane, mmoja wa wale 7, usoni, kinapokufa kinapinduliwa mezani na kuchokolewa. Matumbo yale ni chaza wabichi na figo ya kondoo. Aliyewahi kupasua chaza atautambua ule mng'ao wa ute wake, na ndiyo maana sehemu hiyo inasisimua mwili kuliko picha nyingi za kompyuta za leo. Kwenye karamu maarufu ya mezani, kiumbe kinapopasua kifua cha Kane na kutoka, John Hurt anayemwigiza amejificha chini ya meza, kichwa na mikono tu ndivyo vyake. Kifua ni cha bandia, kimejazwa damu na matumbo ya buchani. Waigizaji wenzake walijua kitu kitatoka, lakini hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Mshtuko wa Veronica Cartwright ni wa kweli.

Sasa vifaa, maana filamu hii huharibiwa na vifaa kuliko filamu nyingine yoyote ya aina yake. Chagua toleo la 1979, dakika 117. Lile la 2003 linaongeza tukio karibu na mwisho, wakati mtu anakimbia kuokoa roho yake, na mbio zinapoa. Nakala zilizotiwa sauti ya msimuliaji, zilizopendwa sana kwenye mabanda ya video, zinafaa filamu za ngumi. Hapa msimuliaji anaziba ukimya, na ukimya ndio uliolipia kiingilio.

Kwenye runinga, weka picha kwenye mtindo wa 'Movie' au 'Cinema' na uzime kulainisha mwendo. Jina la filamu linapojiandika mstari mmoja mmoja angani mwanzoni, lipime: nyota zionekane na anga libaki jeusi. Anga likiwa kijivu, punguza mwangaza. Nyota zikipotea, umepunguza mno. Mistari miwili myeusi juu na chini ni ya filamu yenyewe. Usiivute picha ijaze kioo, utamkata mtu aliyesimama pembeni. Kwa projekta, shuka lenye upana wa mita 2.4 litapata picha ya kimo cha mita 1 hivi. Uani kwenye mbalamwezi haifai. Subiri hadi baada ya isha. Ukianza saa 2 usiku unamaliza saa 4 kasoro dakika 3.

Sabufa ishushwe besi. Mngurumo wa injini za Nostromo unatembea chini ya filamu nzima, na besi ikizidi, minyororo ya Brett haisikiki. Sauti za watu zikiwa chini mno, badili towe la sauti liwe la spika mbili, kwani maneno yamewekwa kwenye spika ya kati ambayo huna. Feni iwe mbali na spika. Usiku wa masika, chini ya bati, ahirisha.

Maandishi ya chini yakianza sawasawa kisha yakazidi kuchelewa, nakala yako inakwenda picha 25 kwa sekunde ilhali maandishi ni ya 24. Kufikia saa moja yatakuwa nyuma kwa dakika 2 na nusu. Kusogeza mwanzo hakutasaidia. Tafuta maandishi ya picha 25. Na faili linalozidi GB 4 likikataa kuingia kwenye flashi, ni kwa sababu flashi imepangwa kwa mfumo wa FAT32, usiopokea faili kubwa kuliko hapo. Ifomati iwe ya mfumo wa exFAT, baada ya kuhakikisha runinga yako inaisoma.

Watoto walale kwanza. Mwenye kifafa asiitazame robo saa ya mwisho: taa zinawaka na kuzima mfululizo, kwa muda mrefu.