Skrini Ilisema Amehudumiwa: Tathmini ya Mfumo wa Foleni wa Hospitali

Kwa muda wa miezi minne nimekuwa nikimsindikiza mama yangu kwenye kliniki ya shinikizo la damu, na katika mahudhurio yote matano tumepitia mfumo wa kidijitali wa kujisajili na kupanga foleni ambao hospitali iliuweka badala ya dirisha la mapokezi. Tathmini hii inauhusu mfumo huo peke yake, kwani madaktari na wauguzi wametuhudumia vizuri na sina neno nao. Hospitali yenyewe siitaji, kwa kuwa mifumo ya aina hii imeenea mahali pengi.

Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mgonjwa anasimama mbele ya mashine yenye skrini ya kugusa, anaingiza namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa, anachagua kliniki anayokwenda, kisha mashine inamtolea kikaratasi chenye namba. Namba hiyo huitwa kwa kipaza sauti na kuonyeshwa kwenye skrini kubwa iliyopo ukutani, na wakati huohuo mgonjwa hupokea ujumbe mfupi kwenye simu unaomjulisha ni watu wangapi walio mbele yake.

Nianze na ujumbe huo, kwa sababu ndio sehemu bora ya mfumo mzima na aliyeubuni anastahili pongezi. Zamani hatukuthubutu kuondoka kwenye benchi, hata kwenda msalani, kwa hofu ya kuitwa tusipokuwepo. Siku ya kwanza mama aliposoma kwamba wamebaki watu 11, alikunja miwani yake, akaniambia tutoke nje tupate hewa. Muda wa kusubiri haukupungua hata kidogo, lakini mzigo wake ulipungua. David Maister, aliyechunguza saikolojia ya foleni, alikwisha kueleza mwaka 1985 kwamba kusubiri usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kusubiri unakojua, na hapa nimelishuhudia hilo kwa mzazi wangu mwenyewe.

Mashine ya kujisajili, kwa upande wake, imesanifiwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka, macho makali na vidole vyepesi. Orodha ya miaka ya kuzaliwa huanzia mwaka huu tulionao. Mama alizaliwa mwaka 1949, kwa hiyo inambidi asukume orodha kwa kidole kupita miaka zaidi ya 70, na kidole chake kikavu mara nyingine hakisomwi na kioo, mara nyingine kinaruka miaka kumi kwa mpigo. Katika hudhurio la pili aliinama kutafuta miwani ndani ya mkoba, na alipoinua uso alikuta skrini imerudi kwenye neno "Karibu", na yote aliyokwisha kuyaingiza yamefutika bila onyo lolote. Miongozo ya kimataifa ya ufikiaji wa tovuti inataka, tangu toleo la mwaka 2008, kwamba pale muda unapokaribia kuisha mtumiaji aonywe na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi kama kubonyeza kitufe kimoja. Miongozo hiyo iliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini ikiwa aliyekaa nyumbani kwake anastahili onyo hilo, basi aliyesimama na fimbo mkononi, watu wamepanga foleni nyuma yake, analistahili zaidi.

Hayo yote ningeyavumilia, kwani yanarekebishika kwa kazi ya siku chache. Lililonisukuma kuandika lilitokea katika hudhurio la tatu. Muuguzi alimpima mama shinikizo, akaona ni vyema atolewe damu kabla ya kumwona daktari, akatuelekeza maabara. Tulipokuwa huko, namba yake iliitwa mara tatu, na kwa kuwa hakutokea, mfumo ukaiondoa na kuandika kando yake "Amehudumiwa". Dakika chache baadaye simu ililia, na ujumbe ukatushukuru kwa kutembelea hospitali na kutuomba tuipime huduma kwa nyota. Mama aliusoma mara mbili. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama daktari amekataa kumwona.

Hapo ndipo nilipoielewa kasoro ya msingi. Mfumo huu unaripoti ulichokifanya wenyewe, hauripoti kilichompata mtu. Umeita, umesubiri, umefunga namba. Kwa upande wake kazi imekamilika, na neno "Amehudumiwa" halimaanishi zaidi ya hilo. Wahandisi waliwahi kulipa gharama kubwa kwa kosa la namna hii. Tarehe 28 Machi 1979, katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka na ikakwama wazi. Taa yake katika chumba cha uendeshaji ilizimika, waendeshaji wakaamini kwamba vali imefungwa, kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa, wala haikupima kama vali yenyewe imeitikia. Maji ya kupozea yaliendelea kupotea kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Huenda ikaonekana kwamba natia chumvi kuweka kliniki sambamba na kinu cha nyuklia, lakini mgonjwa wa shinikizo anayerudi nyumbani bila kuonana na daktari, akiamini kwamba zamu yake imepita, naye yumo hatarini.

Chanzo chake, kwa maoni yangu, ni kwamba mfumo uliazimwa kutoka mahali ambapo foleni ni moja na mwisho wake ni dirisha moja. Hospitali haiko hivyo. Mgonjwa huingia, hutumwa maabara, hurudi na majibu, huenda kupigwa picha, hurudi tena, na katikati huweza kuzidiwa akalazwa kwenye kitanda cha dharura. Lucy Suchman, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti katika kituo cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, miaka ya 1980, aliwarekodi watu kwa video wakihangaika na mashine ya kunakili, akaonyesha kwamba mashine iliweza kutambua sehemu ndogo tu ya waliyoyafanya, kama vile kubonyeza kitufe, huku mashauriano yao na mashaka yao yote yakiwa nje ya uwezo wake. Mfumo wetu wa foleni nao unajua kikaratasi kimetoka na kitufe kimebonyezwa. Haujui kwamba mwenye namba ameketi vyumba vitatu mbele, mkono umekunjwa juu ya pamba.

Anayejua ni muuguzi wa zamu, naye hujua kwa sababu ya daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, lenye jalada lililokunjika pembe, na ndani yake ameandika kila namba pamoja na alama zake: herufi M kwa aliyetumwa maabara, mstari chini ya jina kwa asiyesikia vizuri, tiki kwa aliyekwisha kutoka kwa daktari. Tulipomwendea siku ile alilifungua, akapitisha kidole, akasema, "Mama, kaa hapo hapo, nimekuandika, utaingia baada ya huyu." Kliniki ile inaendeshwa na daftari lile, na ningekuwa miongoni mwa wasanifu wa mfumo ningeomba kukaa kando yake wiki nzima kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu. Kiwango cha kimataifa cha usanifu unaomweka mtu katikati, ISO 9241-210, kinadai usanifu ujengwe juu ya kuwaelewa watumiaji, kazi zao na mazingira yao. Alama za daftari ni sehemu ya uelewa huo, na zipo mezani tayari.

Ninachopendekeza si kikubwa. Namba isifungwe mpaka daktari au muuguzi athibitishe kwamba mwenye namba ameingia. Iwepo hali ya "Yuko maabara", ambayo huishikilia nafasi yake. Ujumbe wa shukrani usubiri mpaka mtu atoke kwa daktari.

Kwa nyota tano ningeupa mfumo huu mbili, na zote mbili ni za ule ujumbe wa kuhesabu watu waliotangulia. Kwa anayekwenda na mzazi mzee, ushauri wangu ni kwamba umwekee miwani yake tayari kabla hajaifikia mashine, usikitupe kikaratasi hata skrini ikiandika nini, na kabla ya kwenda maabara uhakikishe umeiona ile herufi M ikiandikwa.