Ramani ya karatasi iliyonitembeza Zennor: uzoefu wangu

Nimeitumia ramani hii siku mbili mfululizo, Jumamosi na Jumapili, tope likinifika magotini, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ni ramani ya karatasi ya upande wa Land's End, ncha ya magharibi kabisa ya Cornwall, Uingereza. Skeli yake ni 1:25,000, yaani sentimita 4 za karatasi ni kilomita 1 ya ardhi. Niliinunua pauni 13 baada ya programu ya simu kuniangusha: nimetoka tu mji wa St Ives, mtandao ukakata, nikabaki na kidoti cha bluu juu ya kioo cheupe.

Nilikuwa naelekea Zennor, parokia ndogo ya mashambani kama kilomita 8 kutoka hapo, kwa ile njia ya kukatisha mashamba wanayoiita njia ya majeneza. Mwendo ni wa shamba kwa shamba, na kila ukuta una mahali pake pa kuvukia: vipande virefu vya granaiti vimelazwa juu ya shimo, binadamu anapita, ng'ombe anaogopa.

Kilichonifanya niipende ramani hii ni kwamba inachora kila ukuta wa shamba. Ramani za skeli ya 1:50,000 hazifanyi hivyo. Kwenye karatasi, mashamba ya Zennor yanafanana na wavu uliovutwa vibaya, matundu madogo madogo yasiyo na umbo. Nilisimama kwenye kona moja karibu na Tregerthen, kidole kwenye mstari mweusi uliopinda ghafla bila sababu, kisha nikainua macho. Sababu ilikuwa mbele yangu: jiwe kubwa kuliko gari, lililowashinda watu kulisogeza, basi wakaupitisha ukuta juu yake. Kuta nyingi za hapa zina zaidi ya miaka 2,000, nyingine zilianza kujengwa zama za shaba, na bado zinafanya kazi ileile. Nilipouweka mkono, ng'ombe alikuwa upande wa pili anacheua.

Ukizisoma kontua, ile mistari inayoonyesha miinuko ya ardhi, unaelewa na maisha ya watu. Upande mmoja kuna vilima vya karibu mita 250, vimejaa vichaka vya miiba yenye maua ya njano. Upande mwingine ni magenge yanayoangukia baharini. Katikati umebaki ukanda mwembamba wa tambarare, na humo ndimo yalimobanana makazi yote pamoja na barabara ya B3306. Wakulima walilisha mifugo kule juu na kukata vichaka hivyo kwa kuni. Mawe ni mengi mno. Wenyeji husimulia kwamba ng'ombe wa Zennor alikula kamba ya kengele ya kanisa kwa kukosa majani.

Halafu majina. Hapa ndipo ramani ilipokuwa kitabu kwangu. Tre ni makazi ya mkulima, bos ni nyumba, porth ni ghuba ndogo ya kutia mashua, carn ni rundo la miamba. Hiki ni Kikornishi, si Kiingereza, na kimeandikwa kila baada ya vidole viwili vya karatasi. Nikaitafuta Boswednack, kitongoji cha hapo Zennor, nikaipata. Nje ya kanisa la Mtakatifu Senara kuna jiwe la kumkumbuka John Davey wa Boswednack, aliyefariki mwaka 1891, mtu anayetajwa kuwa wa mwisho kuwa na ujuzi mpana wa lugha hiyo aliourithi kwa wazee wake. Leo wapo wanaojifunza Kikornishi upya, lakini yeye alikipata nyumbani. Nililia kidogo pale, sitaficha. Mimi huongea Kiswahili na wanangu kwa simu kila jioni.

Ndani ya kanisa usiache kukiona kiti cha nguva. Ubavuni amechongwa mwanamke mwenye mkia wa samaki, ameshika kitana na kioo, kazi ya karne ya 15 hivi. Hadithi yao inasema alimvuta kijana mwimbaji wa kanisa, Mathey Trewella, hadi baharini. Kwetu pwani nguva tunamjua, ila wa Zennor amechakaa kwa kuguswa na mikono.

Zennor Quoit, kaburi la mawe la kale kule juu, ramani inaliandika kwa herufi za kizamani. Bila hizo ningelipita. Jiwe lake la juu limeteleza. Mwaka 1861 mkulima alitaka kuligeuza zizi la ng'ombe, kasisi William Borlase akampa shilingi 5 za Kiingereza akajenge kwingine. Asante yake.

Kasoro zipo. Karatasi ni pana mno kwa upepo wa magengeni, mara mbili nusura iniponyoke, na Jumapili jioni ilikuwa imeshachanika kwenye mkunjo, Zennor penyewe. Pia mistari ya kijani ya njia za miguu haikuambii tope lina kina gani. Beba viatu vya kupandia milima, si raba.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nimeshaagiza nyingine ya aina isiyolowa, maana mwezi ujao narudi na dada yangu, na safari hii tunaanzia Boswednack.