Mwaka mmoja na iNaturalist hapa Bukavu

Niliiweka iNaturalist, programu ya kutambua wanyama na mimea kwa picha, kwenye simu kwa sababu ya ndege mmoja. Kila asubuhi nikipita Muhumba kwenda kazini namkuta mdiria, mweusi kwa mweupe, akipiga mabawa juu ya Ziwa Kivu bila kusogea, halafu anashuka kichwa mbele na kuibuka na sambaza, samaki wetu mdogo, mdomoni. Nilitaka tu kujua jina lake.

Matumizi ni mepesi. Unapiga picha, simu inaandika tarehe na mahali, unatuma. Programu inakisia jina, kisha watu wanaojua wanathibitisha au wanarekebisha. Zaidi ya theluthi mbili yao wakikubaliana juu ya spishi, picha inapata daraja la utafiti na kuingia GBIF, hazina ya takwimu ambayo watafiti wa nchi yoyote huchota bure.

Ila iliyonifunga kabisa ni siku ya kinyonga. Mvua ilikuwa imekatika, na watoto wa jirani walikuwa kwenye ua wa miti, mawe mkononi. “Mama, usikaribie, huyo analeta mkosi!” Alikuwa ameng’ang’ania tawi kwa miguu yote minne, jicho moja kwangu, jingine kwa watoto, na usoni ana pembe tatu. Nikapiga picha nne: kichwa, ubavu, mkia, mwili mzima. Baada ya siku mbili jina likathibitishwa: Trioceros johnstoni, kinyonga wa milima yetu hii ya Afrika ya kati, na mwenye pembe ni dume. Niliwaonyesha watoto. Wiki iliyofuata mdogo wao alinigongea mlango: “Mama, nimeona mwingine, hana pembe. Ni jike?” Hakuwa na jiwe.

Jambo jingine ninalolithamini ni usiri. Ukiweka ndege aliye hatarini kutoweka, mara nyingi mahali hasa panafichwa. Mtazamaji anaona eneo pana tu, la takriban kilomita 22 kila upande. Kwetu hilo ni muhimu sana, maana mimi mwenyewe nimewahi kusimamishwa barabarani niuziwe kasuku. Nyumbani kwako pia unaweza kupaficha, na nawasihi mfanye hivyo kabla ya kutuma picha ya kwanza. Na ndege wa kwenye tundu, tafadhali, andika kwamba amefugwa, asije akahesabiwa kuwa wa porini.

Programu ni ya bure. Kinachouma ni mega za intaneti, na umeme unaokatika siku simu iko asilimia sita. Mimi napiga picha bila intaneti, natuma Jumamosi penye Wi-Fi. Kwa wadudu mjipe subira, kwani wanaowajua wadudu wa Kivu ni wachache. Nina kipepeo anayesubiri jina tangu Juni.

Nyota tano, bila kusita. Mwalimu yeyote wa biolojia wa Ibanda au Kadutu mwenye simu ya kamera ajaribu na wanafunzi wake.

Ule ua wa miti umeng’olewa mwezi uliopita, sasa unajengwa ukuta wa matofali. Vinyonga tisa tuliowapiga picha pale, mimi na watoto, wako kwenye ramani, kila mmoja na tarehe yake.