Kupanda Lenana kutoka Nairobi: pesa yangu ilienda kwa kiongozi

Nianze na bei, maana ndiyo kila mtu huniuliza kwanza. Nililipa elfu thelathini na kitu kwa M-Pesa: usafiri kutoka mjini, chakula, malazi, wapagazi na kiongozi. Ada ya hifadhi nililipa mwenyewe kwenye eCitizen, tovuti ya serikali. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu sifa zangu karibu zote ni za mtu mmoja, na lawama zangu ni za stoo na ratiba yao.

Tangazo lao liliahidi "historia ya vita na ya mazingira hadi kileleni". Mimi nilikuwa nataka picha nikiwa Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya, basi.

Gari lilikuwa la kawaida, dereva mpole, chai tukanywa Karatina, mchana tukawa Nanyuki. Njia tuliyopita ni Sirimon, upande wa kaskazini magharibi. Kwa asiyezoea mlima ni chaguo zuri, inapanda polepole.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Nanyuki, mwembamba, mwenye kofia ya sufi isiyovuliwa. Kabla hatujafika getini alishaanza na Waitaliano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na kambi ya mateka hapo Nanyuki, na mlima ukionekana wazi kutoka kwenye waya. Januari 1943 watatu kati ya mateka hao, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka wapande mlima, na nia yao tangu mwanzo ilikuwa kurudi kambini. Vyuma vya kukanyagia barafu walikuwa wamevifua wenyewe kwa vipande vya chuma walivyookota. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni mchoro wa mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Batian, kilele kirefu kuliko vyote, iliwashinda, wakasimika bendera yao Lenana, wakarudi kujisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungiwa peke yao, mkuu wa kambi akaipunguza hadi 7. Mzee alipofika hapo alicheka kikohozi kikamshika.

Ya Mau Mau, wapiganaji wa msituni waliopigana na Waingereza, aliyasimulia kwa sauti nyingine kabisa. Tulikuwa tumeshatoka kwenye mitarakwa na podo, tumekaa juu ya jiwe tunakula ndizi. Akaniuliza nakaa wapi Nairobi. Nikamwambia Eastleigh.

"Basi ndege zilitoka kwenu, kijana wangu."

"Ndege gani, mzee?"

Ndege za Lincoln za jeshi la anga la Uingereza, zilizopiga mabomu misitu hii na ya Nyandarua kuanzia 1953 hadi 1955, zikiruka kutoka uwanja wa Eastleigh. Uwanja wenyewe upo, ndio huo wa Moi Air Base ninaoupita kila nikienda kazini. Misitu ilikuwa imetangazwa eneo marufuku, ukionekana humo unapigwa risasi bila swali. Kando ya msitu wanakijiji walilazimishwa kuchimba mtaro na kuujaza mianzi iliyochongwa, ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyeongoza vita upande huu, alikamatwa Januari 1954. Mwaka uliofuata Waingereza wakaleta operesheni nzima ya kuusaka mlima, wakaiita First Flute. Kiongozi mwingine wa wapiganaji, Musa Mwariama wa Meru, hawakumpata. Alitoka msituni uhuru ulipofika, Desemba 1963.

Kilichonibakia zaidi ni wanyama. Mzee alisema mabomu mara nyingi yaliwakosa watu na kuwapata tembo na nyati, na waliojeruhiwa wakawa wakali kwa yeyote aliyeingia msituni. Na huu ni mlima uliokuwa umeshatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1949! Kampuni nyingi zinakuuzia vita na mazingira kama safari mbili tofauti. Huyu aliviweka kwenye sentensi moja.

Asubuhi moja karibu na kambi ya Shipton alinichuchumaza mbele ya lobelia. Majani yake yamejipanga duara, katikati kuna maji, na juu ya maji kifuniko cha barafu chembamba kama kioo cha saa. Akakigonga kwa ukucha, kikavunjika: chini yake maji hayajaganda, na kichipukizi kiko salama humo ndani. Usiku majani hujikunja na kufunga mlango. Zile senesio kubwa nazo haziangushi majani makavu, zinayavaa kwenye shina ili baridi isiliue. Huku chozi anaruka kutoka ua hadi ua, na pimbi wanakodolea macho chapati yako bila haya.

Sasa malalamiko. Mfuko wa kulalia niliokodishiwa ulikuwa na zipu iliyokufa, na kwenye mita 4,200 hilo si jambo dogo. Niliufunga kwa kamba ya kiatu. Halafu ratiba. Unaamshwa usiku wa manane ili jua likukute kileleni, na ukishapiga picha kiongozi msaidizi, kijana anayejua mita za kila kilele na hakuna zaidi, anakuhimiza ushuke. Mzee alipata dakika chache tu pale juu, mita 4,985, kutuonyesha alikopandisha bendera ya Kenya mpanda mlima Kisoi Munyao uhuru ulipofika mwaka 1963, miaka ishirini baada ya ile ya Waitaliano. Akatuelekeza Batian na Nelion, ambazo ni mwamba ulioganda kwenye koo la volkano, na volkano yenyewe ikaliwa na barafu na mvua hadi zikabaki hizo nguzo. Chini yetu mto wa barafu wa Lewis: kipande cha kijivu, mawe yakiwa mengi kuliko barafu. Nilitaka kuuliza zaidi, nikavutwa mkono.

Kama mwili wako haujazoea, usikubali ratiba yao fupi. Lipia usiku mmoja zaidi Shipton. Kichwa kitakushukuru, na utapata muda wa kumsikiliza mzee ukiwa na pumzi. Mwezi wa Januari na Februari, au Agosti na Septemba, mvua huwa chache. Ukipiga simu ofisini usiulize magari wala menyu. Uliza nani atakuongoza, na wakikuambia "viongozi wetu wote ni sawa", waambie unamtaka mzee wa Nanyuki wa kofia ya sufi. Mfuko wa kulalia beba wako.