Uzoefu wangu na treni za Hornby Dublo, miaka 60 baada ya kiwanda kuziacha

Kichwa cha treni cha kwanza nilichonunua kilinifikia kimeviringishwa kwenye gazeti, ndani ya boksi la viatu. Nilipokiinua nilishtushwa na uzito wake. Nilizoea treni za kuchezea za plastiki, zile unazoweza kuzibeba tatu kwa mkono mmoja. Hii ilikaa kiganjani kama nyundo. Rangi ya kijani ilikuwa imechubuka kwenye kingo, lakini ubavuni namba 46232 ilisomeka bila shida, na juu ya gurudumu jina Duchess of Montrose. Nilikiweka kwenye reli, nikawasha umeme, kikanguruma bila kusogea. Kazi ya kukifanya kisogee ndiyo iliyonifanya niwe mkusanyaji, na leo ni mwaka wa sita.

Kwa asiyezijua, Hornby Dublo zilitengenezwa na kampuni ya Meccano katika kiwanda chake cha Binns Road, mjini Liverpool, Uingereza. Mwanzilishi wake, Frank Hornby, ndiye aliyebuni vile vipande vya chuma vyenye matundu ambavyo watoto huviunga kwa skrubu na nati wakajenga kreni na madaraja. Hataza yake ni ya mwaka 1901. Alifariki mwaka 1936, na treni hizi ziliingia sokoni mwaka 1938, kwa hiyo yeye mwenyewe hakuziona dukani. Upana kati ya reli ni milimita 16.5, na kila kitu ni kidogo mara 76 kuliko treni halisi. Kati ya vichwa vya mwanzo kabisa kulikuwa na Sir Nigel Gresley, chenye pua ya mviringo ya kukata upepo. Mwaka huo huo treni halisi ya jamii hiyo, Mallard, ilifikia maili 126 kwa saa, yaani karibu kilomita 203, na hakuna treni ya mvuke iliyovunja rekodi hiyo mpaka leo. Huwa nawaza mtoto wa wakati ule aliyesoma habari hiyo gazetini, halafu akapewa ndugu yake Mallard wa kuendesha sakafuni.

Sasa nieleze zinavyotumika, maana wengi huzinunua kwa sura wakashangaa baadaye. Dublo za zamani zina reli tatu. Ya katikati inaleta umeme, za pembeni zinaurudisha, na chini ya kichwa kuna vipande vidogo vya chuma vinavyosugua ile ya katikati. Umeme wake ni DC, yaani wa mkondo mmoja kama wa betri, wa volti 12. Wanaopenda sura halisi huikataa reli ya tatu kwa sababu treni za kweli nyingi hazina, na siwezi kubishana nao. Lakini kwa mwendeshaji ina raha yake. Ukitaka treni iende, izunguke kitanzi, irudi kwa njia ile ile iliyojia, unaunga vipande tu na inakwenda. Kwenye reli mbili kitanzi cha namna hiyo hukutanisha chanya na hasi, umeme unapiga shoti, na lazima uweke swichi na vipande vya kutenganisha. Mimi nimetandika vitanzi viwili, kimoja kila mwisho wa chumba, na treni inaweza kwenda na kurudi jioni nzima bila mimi kugusa kitu.

Reli zenyewe zimekaa juu ya bati lililochorwa mataruma na kokoto. Bati hilo likiwa safi hupendeza mno, na vipande vinabana kiasi kwamba njia inaweza kukaa juu ya zulia bila kuachana. Ila likipata unyevu, kutu huanzia chini, mahali usipopaona kwenye picha ya muuzaji. Nageuza kila kipande kabla ya kulipa.

Kasoro kubwa nilizokutana nazo zinatokana na umri, na zaidi zinatokana na mikono iliyopita. Ile Duchess of Montrose iliyokataa kusogea haikuwa na ubovu wowote. Grisi ya miaka mingi ilikuwa imekauka kwenye meno ya gia ikawa ngumu kama sandarusi. Nilifungua skrubu, nikaondoa ganda la juu, nikaikwangua grisi kwa kijiti cha mti, nikasafisha kwa spiriti na pamba, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila ekseli kwa ncha ya sindano. Tone moja, narudia, kwa sababu mafuta yakizidi huingia kwenye brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, na mota huanza kutoa cheche. Nilipoiwasha tena ikaondoka kwa mtikisiko, halafu ikatulia, halafu ikavuta mabehewa manne ya bati bila kuguna. Sijawahi kufurahia bisibisi kiasi kile.

Kichwa cha pili nilikikosea, na kosa hilo nalieleza kirefu kwa sababu limewakuta wengi. Nilitaka kuisafisha mota mpaka ndani, nikachomoa rota, ile sehemu inayozunguka yenye nyaya za shaba. Nikaisafisha vizuri, nikairudisha, na treni ikawa dhaifu kuliko mwanzo. Inatambaa, inapata moto, inavuta umeme mwingi. Nilikuwa sijui kwamba sumaku za alniko, yaani mchanganyiko wa chuma na alumini, nikeli na kobalti, hutunza nguvu zake zikiwa zimekumbatiwa na chuma muda wote. Rota ndiyo daraja la ile sumaku. Ukiitoa bila kuweka kipande cha chuma mahali pake, nguvu inashuka hapo hapo, na kuirudisha rota hakuirudishi. Dawa ni kumpelekea mtu mwenye kifaa cha kuamsha sumaku upya, au kuweka sumaku za kisasa za neodimiamu zilizokatwa kwa kipimo chake. Mimi nilipata wa kuniamshia, na treni ile leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote nilizonazo. Tangu hapo nasafisha bila kuitoa rota, hata kama inachukua saa mbili.

Ubovu mmoja hauna dawa. Miili ya vichwa hivi ilimiminwa kwenye kalibu kwa aloi ya zinki, na ile ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingine ilichanganyika na madini ya risasi kidogo. Uchafu huo huila aloi kutoka ndani. Inavimba, inapinda, inapasuka vijiufa kama udongo wa bwawa lililokauka, na mwisho wake inamong'onyoka mkononi. Mwaka wangu wa tatu niliagiza Sir Nigel Gresley ya kabla ya vita. Muuzaji aliandika kwamba iko kamili na haijawahi kuguswa. Picha zilikuwa tatu, zote za upande mmoja. Ilipofika, chasi ilikuwa imerefuka kiasi kwamba magurudumu hayakukaa sawa kwenye reli, na upande usiopigwa picha ulikuwa na ufa kuanzia mbele hadi nyuma. Nilijaribu kudai, sikurudishiwa kitu. Iliniuma, na bado inaniuma nikiitazama rafuni. Kwa hiyo ushauri wangu kwa za kabla ya vita ni kuomba picha za pande zote mbili na ya chini, na rula ikiwa imelala kando ya chasi. Asiyetaka kupiga picha hiyo, mwache na treni yake. Za baada ya vita, ambazo utengenezaji wake ulirejea mwaka 1947, zina nafuu kubwa katika hili, na mgeni ningempeleka huko moja kwa moja.

Watu huniuliza kwa nini kiwanda kilichotengeneza vitu imara hivi kilikufa. Uimara wenyewe ulikuwa gharama. Washindani walikuja na plastiki, bei ya chini, na reli mbili, wakati Binns Road bado inamimina zinki na kuchapa rangi kwenye bati. Dublo ya reli mbili ilikuja mwaka 1959, na wateja wengi walikuwa wamekwisha kuhamia kwingine. Mwaka 1964 Meccano ilinunuliwa na Lines Bros, wenye treni za Tri-ang, na Dublo ikakoma. Baadhi ya kalibu zilichukuliwa na kampuni nyingine ya treni za kuchezea, Wrenn, ndiyo maana utakuta vichwa vya Wrenn vinavyofanana na vya Dublo kama pacha. Lines Bros nao walianguka mwaka 1971, na milango ya Binns Road ikafungwa mwaka 1979.

Jina la Hornby bado liko kwenye treni zinazouzwa leo, na hapo wageni huchanganyikiwa. Usinunue reli mpya ukitarajia Dublo yako ipite. Ya reli tatu haitapata umeme, na hata ile ya reli mbili ina magurudumu yenye kingo nene zinazogonga kwenye makutano ya reli za kisasa. Viungio vya mabehewa navyo havishikani. Jenga njia yako yote kwa vifaa vya zama zake, isipokuwa kimoja, yaani kifaa cha umeme. Transfoma za zamani zina nyaya zilizofunikwa kwa mpira ambao sasa unapasuka ukiukunja. Ya kwangu ya kwanza niliiweka kabatini kama pambo na sikuiunga ukutani hata siku moja. Tumia kidhibiti kipya cha DC chenye uwezo wa kujikata treni ikipiga shoti. Treni haitajua tofauti, na nyumba yako itabaki salama.

Kuhusu maboksi, najua nitawaudhi wenzangu. Boksi la karatasi lililo safi linaweza kupandisha bei ya treni kupita kiasi, na siku hizi kuna maboksi ya kunakiliwa ambayo jicho lisilozoea haliyatambui. Sinunui maboksi. Nilichokipenda kwa Dublo ni kwamba mtu aliyeichora alifikiri kuna siku itafunguliwa. Skrubu zinaonekana, brashi zinabadilishika, hakuna kilichogundishwa kwa gundi. Kichwa kisichotoka kwenye boksi kwa miaka hamsini, grisi yake imekauka ndani na mwenye nacho hana habari. Chenye rangi iliyochubuka mara nyingi kilitunzwa na mtu aliyekiendesha, na ndicho kinachoondoka siku ya kwanza.

Duchess of Montrose bado ndiyo inayofungua njia kila ninapowasha. Inavuta mabehewa ya bati, mekundu chini na krimu kwenye madirisha, na ninayo manne. Natafuta mengine mawili ili treni itimie. Mwenye nayo, hata kama rangi imefifia na kiungio kimepinda, ilimradi bati halijatobolewa na kutu, namwomba aniambie kabla hajayatupa.